Fonie ya Gari: Kila Kanuni Iko na Historia Yake



Wengi wetu tukimaliza lisansi, kazi ya kwanza tunayopata haiko mu biro. Iko ku barabara. Mradi wa mbegu, mradi wa kahawa, uchunguzi wa mihogo yenye mozaiki, ugawaji wa majembe: asubuhi unapanda mu jeep nyeupe yenye antene ndefu, unaenda fasi yenye simu haina rezo. Siku ya kwanza wanakupatia karatasi moja yenye kanuni za redio ya gari, ile tunayoitaka fonie. Usiguse antene. Sikiliza mbele ya kusema. Bonyeza, ngoja, kisha sema. Usitaje feza. Unasinye, karatasi inaingia mu klaseri, na mambo yanaishia pale.

Mimi ni mtu wa udongo na mimea, siyo wa elektroniki. Lakini mu agronomia walitufundisha jambo moja: ukikuta mkulima anafanya kitu miaka yote, usicheke, uliza kwanza kilianza namna gani. Nimefanya vile vile juu ya ile karatasi. Nimekuta kila mstari wake uko na historia, na mtu mwenye kuijua ile historia anashika kanuni bila kusukumwa. Leo nataka tuipitie pamoja, juu ujuzi huu unapotea kwetu wakati bado tuko na lazima nao.

1. Mbele ya redio, kulikuwa lokole

Tuanze nyumbani. Ku mto Kongo, upande wa Kisangani, Walokele na majirani zao walikuwa wanatuma habari kwa ngoma ya mti, lokole. Ile ngoma iko na sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na inafuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha yao. Shida ni kwamba maneno mafupi mengi yanafanana ile sauti. Kwao mwezi na kuku vinapigwa sawasawa. Ukipiga neno moja peke yake, mtu wa ngambo ingine hawezi kujua unasema nini. Basi wapigaji wakatafuta dawa: kila neno likapata sentensi yake ndefu inayojulikana na wote, na ile sentensi haiwezi kuchanganywa na ingine. John Carrington, misionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, aliisoma ile kazi na kuandika kitabu juu yake mu 1949.

Sasa angalia redio. Mu kelele ya mawimbi, B na D zinafanana, P na T vile vile. Njo maana tunasema Alfa, Bravo, Charlie, Delta. Ile orodha, mu hali tunayoijua leo, ilianza kutumika rasmi ku usafiri wa ndege tarehe 1 Machi 1956. Waliichagua nyuma ya kujaribu maneno na wasemaji wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, ili kila mmoja aweze kuyatamka na kuyasikia bila shida. Akili ni ile ile ya lokole: refusha neno ili lisipotee njiani. Kwa hiyo, siku unapotaja jina la kijiji chenye herufi ngumu, unafanya kazi ambayo babu zetu wa mto walikuwa wanaijua.

Lokole inatufundisha jambo la pili. Sauti yake haichagui masikio. Rafiki anasikia, adui naye anasikia. Tulishike hilo, tutalirudilia chini.

2. Gari yenye masikio bila kinywa

Redio ya gari ilianza na nusu ya kazi. Mu 1928, polisi wa Detroit, Marekani, walikuwa wa kwanza kutuma habari kwa redio mpaka mu gari zao, na ikafanya kazi kila siku. Lakini gari ilikuwa inasikia tu. Polisi akipata amri, alikuwa analazimika kusimama, kutafuta simu ku barabara na kupigia wakubwa wake. Wale wa baze hawakujua kama habari ilifika. Hawakujua kama mtu wao bado yuko mzima. Ile redio ilisaidia kufuata wezi mbio, lakini haikumlinda mwenye kukaa ndani ya gari.

Mu 1933, mu mji mdogo wa Bayonne, jimbo la New Jersey, polisi wakaanza kutumia redio za gari zenye kusikia na kusema. Sisi agronomu ule mwaka hatuwezi kuusahau: njo mwaka INEAC ilianzishwa, ile institi ambayo moyo wake ulikuja kuwa Yangambi. Basi wakati Wabelgiji walikuwa wanapanga utafiti wa mawese na kahawa kwetu, kule New Jersey gari ilipata kinywa. Tangu pale mtu wa ku barabara aliweza kusema: nimefika, nimekwama, niko na mgonjwa.

Vita ilionyesha ukubwa wa ile tofauti. Mu Mei 1940, Wajerumani walipoingia Ufaransa, vifaru vingi vya Wafaransa vilikuwa na chuma kinene na bunduki nzuri kuliko vya adui. Lakini vingi havikuwa na redio. Makamanda walikuwa wanapeana ishara kwa bendera ya mkono. Vya Wajerumani karibu vyote vilikuwa na redio, hata kama vingine vilikuwa na ile ya kusikia tu. Ile kampeni ilidumu wiki sita. Sababu zilikuwa nyingi, redio siyo moja peke yake, lakini wanahistoria wengi wanaitaja. Chuma haikomboi mtu asiyepata habari.

Ile ile miaka, kelele nayo ilipata dawa. Redio za kwanza za gari zilikuwa zinashika mlio wa buji za motere, na umeme wa mawingu ulikuwa unafunika sauti. Mmarekani Edwin Armstrong alipata hati za uvumbuzi wa FM mu 1933, na mu 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walikuwa na mtandao wa FM wa gari na baze, uliotengenezwa na profesa Daniel Noble. Redio fupi ya VHF yenye iko mu gari zetu leo ni mjukuu wa ile kazi.

Kanuni gani ilitoka pale? Ripoti ya njia. Unaita baze ukitoka, unaita ku kila fasi mliyopatana, unaita ukifika. Na baze inapaswa kujibu. Watu wengi wanasahau hii nusu ya pili. Wanasema, "Niliita," kisha wanaendelea. Hapana. Kama baze haijajibu, umerudi Detroit ya 1928, na hakuna anayejua uko wapi.

3. Kwa nini tunangoja sekunde moja

"Bonyeza, ngoja, kisha sema." Hii kanuni iko na asili ya kufurahisha. Kati ya 1937 na 1940, mu jimbo la Illinois, Charles Hopper, mtu wa redio wa polisi, alitengeneza namba za kufupisha maneno, zote zikianza na kumi: kumi-nne kwa kusema nimesikia, na zingine. Kwa nini kumi mbele? Juu redio za gari za wakati ule zilipata umeme kutoka ku mashini ndogo yenye kuzunguka. Ukibonyeza, ilihitaji muda kidogo ishike mwendo, na silabi ya kwanza ilikuwa inamezwa. Waliweka neno "kumi" pale ili limezwe lenyewe, na namba yenye maana ifike nzima.

Ile mashini haiko tena. Lakini rele ya VHF, ile mashini inayokaa juu ya mlima na kurudisha sauti yako mbali, nayo inahitaji muda kidogo ifunguke. Kwa hiyo silabi ya kwanza bado inapotea kwa mtu mwenye haraka.

Na kwa sisi wasemaji wa Kiswahili, hatari ni kubwa kuliko kwa Mfaransa. Fikiri: ukanushi wetu unakaa wapi? Mbele kabisa ya neno. "Usipite" ikipoteza kichwa, kinachofika ni "pite." "Hatujavuka" ikikatwa, inabaki "tujavuka," na mwenye kusikia vibaya atafikiri mumeisha vuka. Mfaransa anaweka pas yake nyuma, inaokoka. Sisi tunaweka hapana yetu fasi redio inapokula. Njo maana mimi napenda tuseme, "Simama. Barabara imefungwa," kuliko, "Usipite." Toa amri kwa neno lenye kusimama lenyewe, lirudilie mara mbili, na uombe mwenzako alirudishe kwako vile alivyolisikia.

Na zile namba za kumi? Kila jimbo, kila huduma, ilianza kuzipatia maana yake. Huduma mbili zikikutana ku hatari moja, hazielewani. Nyuma ya mashambulio ya Septemba 2001 na tufani Katrina ya 2005, serikali ya Marekani iliomba, kuanzia 2006, kwamba huduma mbalimbali zikifanya kazi pamoja zitumie lugha ya kawaida. Ni somo kwetu pia. Kuna vijana wanapenda kujaza fonie na maneno ya kijeshi ili waonekane wakubwa. Redio ni ya kusikilizana, siyo ya kujionyesha.

4. Fonie mu inchi yetu

Kongo haikuchelewa. Mbele ya vita kuu ya 1914, mfalme Albert wa kwanza alitaka koloni izungumze na Ubelgiji bila waya. Mhandisi Robert Goldschmidt alisimamia kazi hiyo, vituo vya TSF vikajengwa kutoka Banana upande wa bahari mpaka Katanga. Kituo kikubwa cha upande wa Ubelgiji kilikuwa Laeken, na Wabelgiji wenyewe walikibomoa mu Agosti 1914 ili Wajerumani wasikichukue. Ilikuwa redio ya Morse, na ilikuwa redio ya wakubwa: serikali na kampuni. Mwenyeji alibeba nguzo na mafuta ya mashini; kusema, hapana. Unaona? Hata hapa kulikuwa wenye kusema na wenye kupokea amri tu.

Wakati sauti ya mtu ilianza kupita mu mawimbi, misioni na mashamba makubwa yakawa na fonie zao. Kisha, mu miaka ya mwisho ya Mobutu, simu ya serikali na posta vilipokufa, fonie ilitoka mikononi mwa wakubwa na kuwa ya watu wote. Mu Bukavu, Goma, Butembo, Kisangani, Kindu, kulikuwa nyumba za fonie. Unalipa, mwenye fonie anaita Shabunda ao Punia, mnapatana saa, na kesho yake mama yako amekaa upande ule anangoja sauti yako. Kifo, ndoa, feza ya masomo, bei ya mafuta ya mawese, saa ya ndege ndogo: yote ilisemwa kwa sauti kubwa mbele ya watu waliokaa ku banki wakingoja zamu yao. Mimi nilikuwa mtoto wakati ile kazi inamalizika. Wazee njo wanatuelezeaka. Lakini soko la mazao ya Kivu na Maniema lilikuwa linaishi kwa ile fonie, na sisi wenye kusoma uchumi wa kilimo tungepaswa kulijua hilo mbele ya kusifu aplikasyo za bei mu simu.

Namna gani fonie ya HF inafika mbali vile, na VHF inashindwa nyuma ya kilima kimoja? VHF ni kama macho: inaona paka kile chenye iko mbele yake. Mlima ukisimama katikati, imekwisha, kama hakuna rele. HF, kutoka megahertzi 3 mpaka 30, inapanda juu, inagonga tabaka la hewa lenye umeme, na kurudi chini mbali. Kennelly na Heaviside walifikiri mu 1902 kwamba tabaka hilo liko. Mwingereza Edward Appleton alilihakikisha mu 1924, akapata Nobel mu 1947. Lile tabaka linaishi kwa jua. Njo maana mchana tunatumia frekansi za juu, na usiku tunashuka ku za chini. Mtu mwenye kuita saa mbili za usiku ku frekansi ya saa sita mchana anaweza kuita mpaka asubuhi bila jibu, na redio yake si mbovu.

Mu Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache. Nyuma yao zilikuja gari za misaada, nyingi zikiwa na redio mbili: VHF ya karibu na HF ya mbali. Kisha zilikuja vita za 1996 na 1998, na mwishoni mwa 1999 Umoja wa Mataifa ukaanzisha MONUC. Kwa ile miaka kikatoka kizazi cha shofere na watu wa chumba cha redio, Wakongomani, waliojifunza kazi hii ku hatari yenyewe. Hawana diploma yake. Leo wengi wanakaribia pansio, na hakuna aliyeandika walichokijua.

5. Mambo yenye kuumiza mwili

Shofere mmoja wa kile kizazi njo alinionyesha kazi, ku barabara ya Mwenga. Hakutoa hotuba. Alitafuta fasi wazi juu ya kilima, akasimamisha gari, akafunga freni ya mkono. Akaangalia juu kama hakuna waya za umeme. Akazunguka gari mzima, akaondoa watoto waliokuja kushangaa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na antene; akaniambia, "Agronomu, ingia ao enda kule." Nyuma ya yote hayo njo alishika mikro. Nilimuuliza sababu ya kila kitu, na haya njo niliyoyaelewa, kwa maneno yake na kwa yale niliyosoma baadaye.

Antene. HF ya gari inatoa kama wati 100 ao kupita. Wakati wa kutuma, ku antene kunaweza kuwa volti nyingi sana. Mwenye kuigusa anaungua, na kidonda kinaingia ndani kuliko kinavyoonekana. Hata wakati redio inajipima yenyewe ku frekansi, kuna nguvu inayotoka. Kwa hiyo unapita macho ku antene mbele ya kila kubonyeza, siyo asubuhi tu. Watoto wa vijiji wanapenda kushika ile fimbo yenye kucheza. Na ukipita chini ya miti ao waya za umeme, antene inalazwa na kufungwa. Antene yenye kugusa waya wa volti nyingi inaleta ule umeme mu gari.

Batri. Redio kubwa inavuta umeme mingi. Waya zake zinatoka moja kwa moja ku batri, na zinakuwa na fizible karibu na batri yenyewe, siyo karibu na redio. Sababu ni nyepesi: waya ikichubuka njiani, fizible ya mbali na batri haiwezi kusaidia, waya inawaka katikati. Barabara zetu zinatikisa gari siku nzima, waya zinasugua chuma. Ukiona fizible imekufa mara mbili, usiweke kipande cha waya wa shaba. Tafuta fasi imechubuka. Na usiongee saa nzima wakati motere imezimika, kama hautaki kusukuma gari usiku.

Esansi na baruti. Wakati wa kutia mafuta, fonie inanyamaza. Ku kariere na migodi ni hatari zaidi: kuna detonateri zinazowashwa kwa umeme, na mawimbi ya redio yenye nguvu yanaweza kuleta umeme mu waya zake. Ukiona kibao kinachokataza redio karibu na fasi wanapasua mawe, kibao hicho si cha kuogopesha watu bure. Zima, siyo kunyamaza tu.

Radi. Hapa tuko na sifa tusiyoitaka. Utafiti wa satelaiti uliotoka mu 2016 uliweka Kabare, teritware ya hapa karibu na Bukavu, ku nafasi ya pili mu dunia nzima kwa wingi wa radi: zaidi ya 200 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Basi ile kanuni ya kuacha mikro na kutoa antene ya baze wakati mvua ya radi inakuja, iliandikwa kwa dunia yote, lakini kwetu iko na uzito zaidi.

Usukani. Mwenye kuendesha haongei. Anayekaa kando yake njo anaongea, ao gari inasimama. Wengine wanasema polisi wa Marekani wanaongea wakiendesha. Ndiyo, ku barabara yenye lami. Jaribu ku mteremko wa Ngomo, mkono mmoja ku mikro, kamyo ya sementi ikipanda mbele yako.

Na mikro yenyewe: ukimaliza, iweke fasi yake. Ikianguka katikati ya viti na kitufe kikabaki kimebanwa, mambo mawili yanatokea. Frekansi inafungwa kwa wote, hakuna mwenye kuweza kuomba msaada. Na kila neno mnalosema mu gari linasikika mpaka baze, juu ya chefu, juu ya mshahara, juu ya kila kitu.

6. Kila mtu anasikia

Nilisema tutarudi ku lokole. Simu inamwambia mtu mmoja. Redio inawaambia wote. Huu njo wema wake na hii njo hatari yake.

Wema: ukiita msaada, si baze peke inayosikia. Gari yenye iko kilometa kumi nyuma yako inasikia, na labda ile njo itafika ya kwanza. Neno Mayday lilikubaliwa na mataifa mu 1927 ku mkutano wa Washington. Linatoka ku Kifaransa, m'aidez, nisaidieni. Likisikika mara tatu, wengine wote wananyamaza. Ku barabara zetu neno si lazima liwe lile, lakini mpango ni ule ule: wewe ni nani, uko wapi, nini imetokea, watu wangapi, unaomba nini. Mahali panatajwa mapema, juu batri inaweza kufa katikati ya habari, na mtu mwenye kujua mahali tu anaweza kukuja. Mwenye kujua yote isipokuwa mahali hawezi.

Hatari: mwenye bunduki kando ya barabara naye anaweza kuwa na redio. Njo maana hatutaji feza ya mishahara, hatutaji majina ya wagonjwa, hatusemi wazi, "Tunapita saa nane na magunia ya mbegu." Tunatumia majina ya fasi tuliyopatana mbele ya kutoka. Tena, mu vita, antene yenyewe ilikuwa shitaka. Wazee wanaeleza: mtu akikutwa na fonie, kila upande ulimwita mpelelezi wa upande mwingine. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa inakaa mu gari. Sheria za 16 Oktoba 2002 ziliweka kazi ya mawasiliano na kuanzisha ARPTC, ofisi yenye kusimamia frekansi. Sheria mpya ilitoka tarehe 25 Novemba 2020. Redio bila ruhusa, hata kama nia ni nzuri, inaweza kumkalia mtu mwingine ku frekansi ya ndege ao ya hospitali.

7. Na simu je?

Wenzangu wataniuliza: kwa nini kusumbuka na fonie siku ya leo? Simu ya mkononi ilifika kwetu mapema. Telecel ilianza Kinshasa mu 1986, kati ya za kwanza mu Afrika, kwa matajiri tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simu ikawa ya wote, na nyumba za fonie zikafunga moja moja. Ni jambo zuri, mama sasa anasikiwa bila watu wa banki kusikia siri zake.

Lakini ramani ya rezo haifanani na ramani ya mashamba. Fasi yenye udongo mzuri na barabara mbaya njo fasi tunayotumwa. Tena siku ya hatari, antene za simu zinazimika, mafuta ya jenereta yanakwisha, ao amri inatoka ya kukata. Ile siku, gari yenye fonie njo inabaki na kinywa. Na kinywa bila mtu wa kukitumia ni fimbo ya chuma juu ya paa.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa kamati yetu. Shofere na watu wa redio wa miaka ya 1990 bado wako mu miji yetu. Tuwaite, siku moja tu, wakae mbele na sisi wa lisansi tukae ku banki. Watuonyeshe kuita, kusikiliza, kubadilisha frekansi jioni, kusoma fizible, kulaza antene. Tuandike wanachosema, na jina lao likae juu ya ile karatasi, juu kazi ni yao. Tuwalipe kama mtu mwenye kufundisha.

Wenye kuwa na mzazi ao mjomba aliyefanya kazi ya fonie, andikeni hapa chini: alikuwa wapi, mwaka gani, na kanuni gani alikuwa anairudilia kila siku. Tutazikusanya. Nakupata tano juu ya tano ni jibu tunalolipenda wote, lakini linahitaji mtu upande wa pili mwenye kujua kusema.